Moyo wa Mwenye Kisukari

Mtu aliyeambiwa na tabibu kwamba ana kisukari cha aina ya pili aghalabu hurudi nyumbani kwake na hofu tatu, yaani hofu ya kukatwa mguu, hofu ya kupofuka macho, na hofu ya kuchomwa sindano kila siku ya aushi yake. Wala hofu hizo si za bure, maana ni aila chache katika miji yetu, ya pwani na ya bara, zisizokuwa na jamaa au jirani aliyepatwa na moja yazo. Lakini ipo hofu ya nne, iliyostahili kuzitangulia zote, ambayo mara nyingi haimo kabisa katika hesabu yake, nayo ni hii: maradhi yanayowaondoa duniani wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wengi kuliko maradhi mengine yoyote ni maradhi ya moyo na ya mishipa ya damu, yaani shambulio la moyo, moyo kushindwa kusukuma damu, na kiharusi.

Desturi iliyoenea katika kliniki nyingi ni kwamba mgonjwa hutobolewa kidole, tone la damu huwekwa juu ya kijiti, mashine husoma tarakimu, na tarakimu hiyo moja ndiyo inayoamua kama mgonjwa atarudi nyumbani na furaha au ameinamisha kichwa. Sina neno la kuidharau tarakimu hiyo, kwa kuwa ina haki yake. Ila nasema, na nitajitahidi kuonyesha kwa ushahidi, kwamba mwenye kisukari anayelinda sukari peke yake, huku presha yake haijulikani, lehemu yake (kolesteroli) haikupimwa tangu alipozaliwa, na sigara ingali kidoleni, ameacha bila ulinzi sehemu kubwa ya uhai wake.

Zamani, kabla insulini haijagunduliwa huko Toronto mwaka 1921, kijana aliyeshikwa na kisukari alikufa kwa sukari yenyewe, akidhoofika hadi kupoteza fahamu, na tabibu akitazama bila ya la kufanya. Insulini ilipopatikana, watu wale waliishi, na kwa kuwa waliishi, matabibu wakaanza kuona maradhi ambayo hapo awali hayakupata muda wa kudhihiri. Katika mwaka 1948 wataalamu wa Marekani walianza kuwafuatilia wakazi wa mji wa Framingham, katika jimbo la Massachusetts, ili wajue ni nani atakayeshikwa na maradhi ya moyo na kwa sababu gani. Na taarifa zilizotolewa katika miaka ya 1970 zikabainisha kwamba kisukari huongeza hatari hiyo kiasi cha mara mbili kwa mwanamume, na kwa mwanamke huiongeza hata zaidi ya hapo. Jambo hili la wanawake nalitaja makusudi, kwa sababu iko dhana miongoni mwetu kwamba maradhi ya moyo ni ya wanaume wenye vitambi na vyeo, na kwa dhana hiyo mama mwenye kisukari anayelalamika kuchoka na kukosa pumzi huambiwa kwamba ni kazi za nyumbani, au ni umri, akapewa dawa ya tumbo. Kisha mwaka 1998 wataalamu wa Finland walitoa matokeo yaliyowashtua wengi: mtu mwenye kisukari ambaye hajapata kamwe shambulio la moyo alikuwa katika hatari ya kulipata karibu sawasawa na mtu asiye na kisukari ambaye amekwisha kulipata mara moja. Tafiti za baadaye zimepunguza kidogo ukali wa neno hilo, zikaonyesha kwamba hatari si sawa kwa wote, na kwamba aliyeugua kwa miaka michache tu na mwenye figo nzima yuko mbali na mwenzake wa miaka ishirini. Walakini maana yake kuu imesimama.

Nchini mwetu Tanzania jambo hili lina uzito wake. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji na kuongozwa na Profesa Donald McLarty wa Muhimbili, ukachapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa watu wasiofika hata mmoja katika kila mia. Na uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikikuta kwa watu wazima wapatao 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Njia za kupima zilitofautiana, na mjini si sawa na kijijini, kwa hiyo hesabu hizi mbili haziwezi kuwekwa katika mizani moja kwa usawa kamili. Lakini hakuna tabibu aliyefanya kazi katika miaka yote hiyo atakayekanusha kwamba maradhi yameongezeka, na kwamba pamoja nayo yameongezeka maradhi ya moyo. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, jijini Dar es Salaam, inayoweza kuzibua mshipa wa moyo ulioziba, na hilo ni jambo la kujivunia. Ila shambulio la moyo huhesabiwa kwa dakika na saa, na mtu wa Newala au wa Micheweni hawezi kuutegemea mlango ulioko Dar es Salaam. Kinga, kwake yeye, ndiyo hospitali iliyo karibu.

Ili tuifahamu kinga hiyo yafaa kwanza tuelewe uharibifu unavyotokea. Ukuta wa ndani wa mshipa wa damu umetandikwa utando mwembamba mno wa chembe hai, ambao kazi yake si kupitisha damu tu, bali pia ni kuuamuru mshipa utanuke au usinyae, na kuizuia damu isigande mahali pasipostahili. Sukari ikizidi kwa miaka mingi huugandama utando huo na kuudhoofisha. Presha ya juu huupiga kwa kila pigo la moyo. Moshi wa tumbaku huuchubua. Na lehemu mbaya, ile waiitayo LDL, hupenya chini yake na kujikusanya humo. Mwili hutuma chembe nyeupe zije kuiondoa, nazo hula mafuta hayo hadi kufia papo hapo, na hivyo ndani ya ukuta hujengeka uvimbe laini ambao mwenyewe hausikii wala hauoni. Siku uvimbe huo unapopasuka, damu huganda juu yake ghafula na kuziba njia; pakiwa ni katika mshipa wa moyo, sehemu ya moyo hufa, na pakiwa ni kichwani, mtu hupooza. Fauka ya hayo, kisukari cha aina ya pili aghalabu hakiji peke yake, kwa maana mwili usioitii insulini yake wenyewe huwa pia na presha inayopanda, na mafuta ya damu yaliyozidi, na kiuno kilichonenepa, na nyama ya moyo inayokakamaa hata kama mishipa yake haijaziba.

Basi je, si ingetosha kuishusha sukari kwa nguvu zote? Swali hili liliulizwa kwa uaminifu na likajibiwa kwa gharama kubwa. Huko Uingereza, Robert Turner wa Oxford na wenzake walianza mwaka 1977 kuwaandikisha wagonjwa wapya wa kisukari, wakafika 5,102, na matokeo yao yalipotangazwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa bidii kulipunguza kwa robo maradhi ya mishipa midogo, kama yale ya macho na figo. Mashambulio ya moyo nayo yalipungua, lakini kwa kadiri ambayo wataalamu wa hesabu hawakukubali kuiita hakika. Miaka kumi baadaye watu wale wale walipotazamwa tena, faida kwa moyo ilikuwa imedhihirika, ijapokuwa sukari za makundi mawili zilikuwa zimekwisha kulingana. Ndiyo kusema kwamba sukari iliyotunzwa mapema humwachia mtu akiba ya siku za mbele. Lakini katika mwaka huo huo wa 2008, huko Marekani na Kanada, utafiti wa watu 10,251, ambao wengi wao walikuwa na kisukari cha siku nyingi, na baadhi yao mioyo iliyokwisha kupata misukosuko, ulikatiza kabla ya wakati tiba yake ya kuishusha sukari kwa nguvu, kwa sababu waliosukumwa kuishusha sukari hadi ifanane na ya mtu mzima wa afya walikufa 257, ilhali wenzao waliotibiwa kwa kadiri walikufa 203. Hapo ikabainika kwamba sukari ya kushushwa kwa papara, hasa kwa mzee, yaweza kudhuru. Kwa watu wazima wengi kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, hutakiwa kiwe kiasi cha asilimia 7, na kwa mzee dhaifu kiasi cha 8 chaweza kutosha.

Naja sasa kwa utafiti ambao, kwa maoni yangu, kila mwenye kisukari angepaswa kusimuliwa. Huko Gentofte, pambizoni mwa Copenhagen, katika hospitali ya kisukari iitwayo Steno, matabibu wa Denmark walichukua mnamo mwaka 1992 na 1993 wagonjwa 160 tu, wenye umri wa wastani wa miaka 55, ambao figo zao zilikuwa zimeanza kuvujisha protini kidogo katika mkojo. Nusu yao walitibiwa kama ilivyokuwa ada ya wakati ule. Nusu ya pili walishughulikiwa kwa mambo yote kwa pamoja: sukari, presha, lehemu, dawa ya kulinda figo hata kwa asiye na presha, aspirini, chakula chenye mafuta machache, mazoezi ya nusu saa mara kadhaa kwa wiki, na nasaha za kuacha sigara. Haikuwamo hata dawa moja ya ajabu, wala chombo chochote kipya. Zilikuwa dawa za kawaida, ila zilifuatwa kwa uthabiti na kwa pamoja.

Baada ya miaka ipatayo minane, waliopatwa na misiba ya moyo na mishipa katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 44, na katika kundi la pili asilimia 24. Hapo wote wakapewa tiba ile bora, lakini tofauti haikufutika: ilipotimia miaka 13 tangu mwanzo, katika watu 80 wa kundi la kwanza walikuwa wamekufa 40, na katika 80 wa kundi la pili 24, na miaka 21 ilipotimia, kundi la pili lilihesabiwa kuwa limeongezewa umri wa karibu miaka 8. Nalitaka msomaji aitazame habari hii kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna jambo la faraja. Katika watu wale waliotibiwa kwa bidii, walioweza kulifikia lengo la sukari walikuwa wachache mno, kiasi cha mmoja katika sita au saba, na waliofaulu kuacha sigara hawakuwa wengi. Lakini wengi waliifikisha lehemu mahali pake, na presha zao zilishuka. Yaani watu hawakuwa wakamilifu, na hata hivyo waliokoka. Chombo cha mbao kinachovuja katika maungio manne hakiokolewi na fundi anayetia kalafati ungio moja kwa ustadi mkubwa na kuyaacha matatu, bali na yule anayeyapitia yote, hata kama hakuna lililozibwa kikamilifu.

Presha ndiyo ya kwanza kushughulikiwa, kwa maana dawa zake ni rahisi kwa bei na taathira yake ni kubwa. Katika utafiti ule ule wa Uingereza, watu ambao presha yao ilishushwa hadi wastani wa 144 juu ya 82, wakilinganishwa na wenzao waliobaki na 154 juu ya 87, walipatwa na kiharusi pungufu kwa asilimia 44. Tofauti ya nukta kumi tu, na matokeo makubwa kiasi hicho. Siku hizi wengi wa wenye kisukari hutakiwa wawe chini ya 130 juu ya 80, ikiwa wanaweza kuhimili bila kizunguzungu. Presha ipimwe mtu akiwa amekaa na kutulia dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umewekwa juu ya meza, naye hazungumzi. Presha ya mtu aliyepanda ngazi mbio akiogopa kupitwa na zamu yake si presha ya kumwandikia dawa. Na dawa ikishaandikwa, ni ya kila siku. Wapo wanaoimeza siku ya kuumwa kichwa tu, na hili ni kosa linaloua, kwa sababu presha haina ada ya kubisha hodi kwa maumivu.

Lehemu ndiyo iliyosahauliwa zaidi. Dawa za jamii ya statini, zilizotokana na uchunguzi wa Mjapani Akira Endo aliyeipata ya kwanza katika ukungu mwaka 1973, zimejaribiwa kwa wenye kisukari hasa: huko Uingereza na Ireland watu 2,838 ambao hawakuwa na maradhi ya moyo waligawanywa, nusu wakipewa miligramu 10 za atovastatini kwa siku, na utafiti ukakatizwa karibu miaka miwili kabla ya mwisho wake, kwa kuwa faida ilikuwa imedhihirika kiasi cha kufanya iwe dhuluma kuwanyima wengine; misiba mikubwa ya moyo na mishipa ilipungua kwa asilimia 37, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa hushauri kwamba karibu kila mwenye kisukari wa umri wa miaka 40 hadi 75 apewe statini, hata kama lehemu yake haionekani kuwa nyingi. Kweli wapo wanaoumwa na misuli, na kweli dawa hiyo huweza kuipandisha sukari kidogo, na mwanamke anayetarajia kushika mimba amweleze tabibu kwanza. Lakini mizani imeelemea upande wa faida. Anayeiacha kwa sababu kipimo kimeonyesha lehemu imeshuka na ajue kwamba imeshuka kwa ajili ya dawa, na ataikuta imepanda tena.

Kuhusu aspirini lazima nitoe hadhari. Wengi huimeza ile ndogo kila siku kwa kuambiwa na rafiki kwamba huifanya damu iwe nyepesi. Kwa aliyekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi cha kuziba, mara nyingi tabibu huiandika, na hiyo ni haki. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wa wenye kisukari 15,480 wasiokuwa na maradhi ya moyo, ulionyesha kwamba aspirini ilipunguza misiba ya mishipa kwa asilimia 12 na ikaongeza kutokwa na damu kwa hatari kwa asilimia 29. Mtu asijiandikie mwenyewe.

Zimekuja pia dawa mpya za sukari zilizo na fadhila kwa moyo wenyewe. Asili ya jamii moja yazo ni kitu kilichotolewa katika magome ya mtufaha mwaka 1835, ambacho huzifanya figo zitupe sukari katika mkojo. Na mwaka 2015 mmoja wa wajukuu wake, empagliflozini, ilionyesha katika watu 7,020 kwamba vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 38. Shirika la Afya Duniani liliiingiza jamii hiyo katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2021. Bei yake bado ni mzigo kwa watu wengi wetu, na mwenye kuitumia yampasa anywe maji ya kutosha na aisimamishe kwa ushauri wa tabibu akiwa anatapika au hawezi kula; walakini mwenye moyo uliodhoofika au figo zilizoanza kuharibika anastahili kuiulizia kwa jina.

Chakula chetu cha pwani hakihitaji kulaaniwa. Kunde, mbaazi, choroko, mchicha, matembele, kisamvu, na samaki wabichi ni neema ambayo wataalamu wa nchi za mbali wangeisifu. Kinachodhuru ni wali unaojaa sahani na mboga iliyo pembeni kama pambo, tui zito la nazi katika kila kitoweo cha kila siku, mandazi ya asubuhi na chai yenye vijiko vinne vya sukari, soda inayofuata chakula, na chumvi. Na hapa sina budi kuwataja papa na nguru wa chumvi, tuwapendao sana, ambao kipande kidogo chao hubeba chumvi ya siku nzima, ilhali kiasi kinachoruhusiwa ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, kikihesabiwa na ile iliyomo katika mkate. Tumbaku ni haramu kwa mishipa, iwe ni sigara, iwe ni shisha. Na ile inayotiwa ndani ya tambuu nayo isihesabiwe kuwa salama. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano za wiki, hakuna ada wala mavazi maalumu.

Mwezi wa Ramadhani unataka neno lake. Wengi wa wenye kisukari cha aina ya pili hufunga, na wengi hufunga salama, lakini usalama huo hupangwa mapema, mwezi mmoja au miwili kabla, kwa kuonana na tabibu ili dawa zihamishiwe saa za futari na daku na baadhi zipunguzwe, hasa glibenklamidi na insulini, zinazoweza kuiangusha sukari alasiri. Dawa za presha na za lehemu zisiachwe, maana nyingi humezwa mara moja kwa siku na zaweza kuwekwa wakati wa futari. Kutoboa kidole ili kupima, wanazuoni wengi wamekwisha eleza, hakubatilishi saumu. Na sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, mtu afungue hapo hapo, kwa kuwa sheria yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Kisha futari isigeuke kuwa kisasi: tambi za sukari, kaimati zilizochovywa katika shira, na viazi vya nazi kwa pamoja, usiku baada ya usiku, huupa moyo mwezi wa adha badala ya mwezi wa raha.

Limesalia jambo moja la dharura. Kisukari cha siku nyingi huua neva, na kwa hiyo shambulio la moyo kwa mwenye kisukari laweza kuja bila ya yale maumivu makali ya kifua yanayojulikana. Pengine ni pumzi inayokatika bila sababu, jasho baridi, kichefuchefu, uchovu wa ghafula usio na kifani, au uzito katika taya na mkono. Mtu wa namna hii asipewe chai ya tangawizi na kuambiwa alale; apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane, na hata kama mwenyewe anakataa.

Wewe msomaji mwenye kisukari, siku ya kliniki ijayo nenda na daftari, na baada ya sukari yako kusomwa usiondoke kitini. Uliza presha yako ni ngapi, HbA1c yako ni ngapi, LDL yako ni ngapi, na kama mkojo wako umepimwa protini na damu yako imepimwa figo katika mwaka huu; kisha uliza kama wastahili statini, na uyaandike majibu yote pamoja na tarehe. Na wewe ambaye huna kisukari lakini una mama, baba, mume au mke aliye nacho, fuatana naye siku hiyo, umsaidie kuuliza.